Muji, jimbo na lugha: nani anawatafsiria watu wa Lubumbashi bunge lao?

Bunge la jimbo la Haut-Katanga linakaa katikati ya mji wa Lubumbashi, katika Jengo la 30 Juin, lililojengwa miaka ya 1950 kuwa ukumbi wa tamthilia. Wenye mzaha wamekwisha kusema yote yanayoweza kusemwa kuhusu bunge kukaa ndani ya jumba la maigizo, na makala haya hayataongeza. Kinachotushughulisha ni jambo jingine. Kutoka jengo lile mtu anaweza kwenda kwa miguu mpaka Kamalondo, komini ya zamani ya Waafrika wa mji huu. Mwendo ni mfupi, lakini njiani siasa inabadili lugha. Ndani ya jengo sheria za jimbo zinaandikwa kwa Kifaransa, na hujadiliwa hasa kwa Kifaransa. Kamalondo, habari za sheria hizohizo zinazungumzwa kwa Kiswahili. Nani anayabeba maneno kutoka upande mmoja mpaka upande wa pili? Na yanapofika, je, ni yaleyale?

Kwa kawaida uhusiano wa mji mkuu na bunge la jimbo tunawaachia wenzetu wa sheria na wa sayansi ya siasa. Wao wanahesabu viti, vyama na makabila, na hesabu hiyo ni ya lazima. Lakini nadhani sisi wa isimu tunaona kitu kinachowapita: kati ya mji huu na bunge lake kuna kazi ya kutafsiri ambayo hakuna aliyepewa rasmi, na kwa hiyo anaifanya yule ambaye hafai kuifanya, yaani mbunge mwenyewe.

Uchaguzi wa mji uliozaa chama cha jimbo

Historia ya jambo hili inaanza kabla ya bunge lenyewe. Élisabethville ilianzishwa 1910 kwa ajili ya shaba. Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa 1906, ilitafuta wafanyakazi karibu na mbali: Rhodesia ya Kaskazini, Kasai, Maniema, Ruanda-Urundi. Watu hao walifika na lugha zao, wakakuta wenyeji nao wana zao, Kisanga, Kilamba, Kibemba na nyingine. Kiswahili hakikuwa lugha ya kijiji chochote cha jirani. Johannes Fabian ameeleza vizuri jinsi utawala wa kikoloni ulivyokichukua na kukifanya lugha ya kazi, na jinsi wafanyakazi nao walivyokichukua kutoka mikononi mwa wakubwa na kukifanya lugha ya nyumbani. Hilo ndilo la kushika: Kiswahili cha hapa ni lugha ya muji. Mtoto aliyezaliwa Katuba na baba wa Kasai na mtoto aliyezaliwa Katuba na baba wa Sakania wamekua na Kiswahili kimoja.

Desemba 1957 wakoloni waliruhusu kwa mara ya kwanza uchaguzi wa komini katika miji mitatu: Léopoldville, Élisabethville na Jadotville, ambayo leo ni Likasi. Wanaume peke yao walipiga kura. Hapa kwetu komini za Waafrika zilikuwa nne: Albert (ndiyo Kamalondo ya leo), Kenya, Katuba na Ruashi. Maburgumestre waliotoka katika uchaguzi huo walikuwa watu waliotoka nje ya Katanga, wengi wao Wakasai. Haikuwa ajabu. Mji ulikuwa umejazwa na watu wa mbali kwa mpango wa kampuni yenyewe, na mji ulipopewa kura ulijichagua wenyewe.

Jibu halikutoka katika komini. Lilitoka katika jimbo. Oktoba 1958 iliundwa CONAKAT, muungano wa vyama vya makabila ya Katanga, na mmoja wa viongozi wake wa kwanza alikuwa Godefroid Munongo. Moïse Tshombe alikuja kuuongoza baadaye. Msemo wao mkuu ulikuwa wa Kifaransa, «Katangais authentiques», Wakatanga wa kweli. Mei 1960 ulipofika uchaguzi wa bunge la jimbo, CONAKAT ilipata viti 25 kati ya 60, na Balubakat ya Jason Sendwe pamoja na washirika wake ikaifuata kwa karibu. Sheria ya msingi ilitaka theluthi mbili ya wabunge wawepo ili serikali ya jimbo iundwe. Balubakat ikasusia vikao. Brussels ikabadilisha sheria katikati ya Juni, siku chache kabla ya uhuru, na CONAKAT ikaunda serikali peke yake. Tarehe 11 Julai 1960 Katanga ikatangaza kujitenga.

Sitaki kusema kwamba uchaguzi wa komini nne ulizaa vita. Sababu zilikuwa nyingi, na shaba ni mojawapo kubwa. Lakini mwendo wenyewe uko wazi: mji ulichagua, jimbo likaogopa uchaguzi wa mji, na bunge la jimbo likawa mahali ambapo wasioridhika na mji walikwenda kutafuta nguvu. Jambo linalomgusa mwanaisimu ni kwamba pande zote mbili, burgumestre na adui yake, zilikuwa zinasema Kiswahili kilekile barabarani. Neno lililowagawanya lilikuwa la Kifaransa. Na neno «originaire» bado linaishi mjini, limo hata katikati ya sentensi za Kiswahili za watu ambao hawasemi Kifaransa kingine chochote.

Anayedhani Kiswahili cha wakati ule hakikuweza kubeba mambo mazito ya siasa asome Vocabulaire ya mji wa Élisabethville, iliyoandikwa na André Yav mwaka 1965 kwa ajili ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani. Fabian aliichapisha tena 1990. Jina lake ni la Kifaransa, matini yake ni ya Kiswahili cha hapa, na ndani yake watu waliopika na kufua kwa Wazungu wanaeleza wafalme, makampuni, vita na utawala bila kuomba ruhusa ya sarufi.

Bunge linarudi, mji haurudishiwi lake

Baada ya Mobutu kushika utawala mwaka 1965, majimbo yalinyang'anywa uwezo wao, na Katanga yenyewe ikabadilishwa jina kuwa Shaba. Tunaruka miaka mingi hapa kwa sababu jambo letu linarudi na Katiba ya Februari 2006. Katiba hiyo inalipa kila jimbo bunge lake (ibara ya 197) linalotunga sheria ziitwazo «édits», na wabunge wa jimbo ndio wanaomchagua liwali na makamu wake kwa miaka mitano (ibara ya 198). Wabunge wa jimbo walichaguliwa Oktoba 2006, na mwanzoni mwa 2007 wale wa Katanga walimchagua Moïse Katumbi.

Mwaka 2015 Katanga iligawanywa kuwa majimbo manne: Haut-Katanga, Haut-Lomami, Lualaba na Tanganyika. Wabunge waligawanywa nao, kila mmoja akafuata eneo alikochaguliwa. Uchaguzi mwingine wa mabunge ya majimbo haukufanyika mpaka tarehe 30 Desemba 2018. Mbunge aliyepewa miaka mitano mwaka 2006 alikaa zaidi ya kumi na miwili.

Na mji? Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 inasema kwamba mji una baraza lake, linalochaguliwa na madiwani wa komini, na kwamba baraza hilo linamchagua meya. Madiwani wa komini walichaguliwa kwa mara ya kwanza chini ya Katiba hii tarehe 20 Desemba 2023. Miaka yote iliyotangulia meya wa Lubumbashi aliteuliwa kutoka Kinshasa, na maburgumestre wa komini saba vilevile. Maana yake ni kwamba kwa miaka kumi na saba mtu wa Ruashi au wa Kampemba, akitaka kumwona mtu aliyemchagua mwenyewe na anayekaa mjini humu, alikuwa na mmoja tu: mbunge wa jimbo. Mfereji ukiziba, depite. Taka zikirundikana sokoni, depite. Kwa sheria mambo hayo ni ya mji. Kwa kura yalikuwa ya bunge la jimbo, kwa sababu mji haukuwa na kura nyingine. Kwa hiyo siasa ya mji ilihamia ndani ya bunge la jimbo ikiwa imefungwa mdomo: ilifika kwa Kiswahili, ikaingia mlangoni, na ndani ikageuzwa Kifaransa.

Maneno manne

Tutazame sasa maneno ambayo watu wanatumia.

La kwanza ni liwali. Redio za mashariki ya nchi yetu zinaposoma habari kwa Kiswahili humwita kiongozi wa jimbo liwali. Barabarani Lubumbashi utasikia zaidi neno la Kifaransa, lakini liwali linaeleweka. Ni neno la Kiarabu lililopita pwani: liwali alikuwa mtu wa sultani wa Zanzibar, aliyetumwa kukaa katika mji wa pwani na kutawala kwa jina la bwana wake. Tanzania na Kenya wameliacha katika siasa ya leo, na Wakenya wanamwita kiongozi wa kaunti gavana. Sisi tumebaki na liwali kwa mtu ambaye Katiba inasema anachaguliwa na wabunge wa jimbo. Je, neno limekosea? Tukumbuke kwamba mwaka 2011 Katiba ilirekebishwa, ibara ya 197 na 198 zikiwamo, na Rais akapewa uwezo wa kulivunja bunge la jimbo na kumwondoa liwali penye mgogoro mkubwa. Tukumbuke pia kwamba mwaka 2015, majimbo mapya yalipoanza, viongozi wake wa kwanza walikuwa makomisa maalumu walioteuliwa na Rais. Kwa upande mwingine, mwaka 2017 bunge la Haut-Katanga lilimwondoa kwa kura liwali Jean-Claude Kazembe Musonda, jambo ambalo liwali wa sultani asingelielewa. Neno la zamani linaeleza nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo ambayo maandishi ya Kifaransa huificha.

La pili ni mere, yaani meya. Hapa mambo yamepinduka. Neno la Kifaransa linabeba picha ya mtu aliyechaguliwa na mji wake, na sheria ya 2008 inasema hivyohivyo, lakini mtu mwenyewe ametumwa. Kwa maana halisi ya maneno, Lubumbashi kwa miaka mingi imekuwa na liwali aliyechaguliwa na mere aliyetumwa. Mwanafunzi wa semantiki akitafuta mfano wa neno na kitu kupishana njiani, asiende mbali.

La tatu ni depite, kwa wingi badepite. Kiswahili bora kina mbunge, na redio inalitumia. Lakini sikia tofauti ya matumizi. Mbunge limejengwa juu ya bunge: ni mtu wa nyumba fulani, mwenye kazi ndani ya nyumba hiyo. Depite halina nyumba ndani yake. Kwa masikio ya hapa linaonyesha mtu mwenye cheo, gari na njia ya kufika kwa wakubwa. «Depite yetu» anaombwa jeneza, karo ya shule, kazi kwa mpwa. Sioni mtu anayemwomba sheria. Wengine hulaumu umaskini, na ni kweli, lakini neno nalo lina sehemu yake: limekuja mjini bila mzizi wake, kwa hiyo halimkumbushi anayelisema kwamba mtu huyu ametumwa kwenda kukaa mahali na kutunga kitu.

La nne ni gumu zaidi, nalo ni édit lenyewe. Katika Kifaransa cha zamani lilikuwa agizo la mfalme. Katiba yetu imelichukua kwa sheria ya jimbo ili isichanganywe na «loi» ya Kinshasa. Ukilitafsiri amri, umemfanya liwali mfalme na umelifuta bunge. Ukilitafsiri sheria peke yake, msikilizaji anadhani imetoka Kinshasa. Ukiacha edi, hakuna anayeelewa chochote. Binafsi ningechukua sheria ya jimbo, ambayo haina uzuri wowote, lakini inataja kitu na inataja mwenye kukitunga.

Nimeliacha pembeni neno leta, lililotoka katika «l'État», kwa sababu lenyewe linahitaji makala nzima. Nitasema tu kwamba kwa wasemaji wengi liwali, mere, depite, polisi na mtoza ushuru wote ni batu ba leta. Mgawanyo wa madaraka ambao Katiba imeupanga kwa ibara nyingi unaishia katika maneno matatu mafupi.

Mfasiri wa matendo yake mwenyewe

Basi maneno yanavukaje? Katika kampeni mgombea anasema Kiswahili mjini, na lugha ya wazee wake anapofika kijijini. Akichaguliwa, anaingia katika nyumba ya Kifaransa. Vikao vikifungwa, wakati wa likizo za bunge, anarudi kwa waliomchagua kutoa ripoti, na anaitoa kwa Kiswahili. Kati ya kampeni na ripoti hakuna karatasi ya Kiswahili. Mwenye kutaka kujua kama mbunge aliunga mkono ushuru mpya au aliupinga, anaambiwa na mbunge mwenyewe. Anayeulizwa kuhusu matendo yake ndiye mfasiri pekee wa matendo hayo.

Hapo ndipo uzito wa jambo hili ulipo. Sheria za jimbo zinagusa mfuko wa mtu wa mji kila siku: kodi ambazo idara ya mapato ya jimbo, DRHKAT, inazikusanya, ushuru, malipo ya barabarani. Mama wa soko akionyeshwa karatasi yenye muhuri na kiasi cha kulipa, hana namna ya kujua kama kiasi hicho kimetoka katika sheria iliyopigiwa kura au katika kichwa cha mtu aliyesimama mbele yake. Watu wanaokusanyika mbele ya wauza magazeti na kujadili siasa, wale ambao nchi nzima inawaita «parlementaires debout», wabunge wa kusimama, wanafanya kazi ya kufasiri bila malipo: mmoja anayesoma Kifaransa anasoma kwa sauti, wengine wanageuza, wanabishana. Ni kazi njema, na ina makosa mengi.

Kuna wanaosema kwamba Kifaransa kinatulinda. Hoja yao haipaswi kudharauliwa, kwa sababu mji huu unakumbuka. Mwaka 1992 na 1993 Wakasai wengi walifukuzwa katika nyumba zao na kazini, hapa na Likasi na Kolwezi, na neno la Kiswahili bilulu, wadudu, lilitumika mikutanoni na mitaani kuwataja watu waliozaliwa humuhumu. Liwali wa miaka ile, Gabriel Kyungu wa Kumwanza, alisifika kwa hotuba zake za Kiswahili. Ndiye aliyekuja kuliongoza bunge la jimbo la Katanga kuanzia 2007. Wanaoogopa wanasema: Kiswahili kikiingia bungeni, moto utaingia nacho, na Kifaransa, kwa ubaridi wake, ni kama maji.

Mimi naona kinyume. Neno bilulu halikusemwa kwa sababu Kiswahili kilikuwa na uzito rasmi. Lilisemwa mahali ambapo hapakuwa na mwandishi wa kumbukumbu, hapakuwa na mpinzani mwenye haki ya kujibu, wala spika wa kumwambia msemaji aondoe neno lake. Kiswahili kiliachwa nje kwenye uwanja, na uwanjani anashinda mwenye sauti kubwa. Lugha inayoandikwa katika kumbukumbu za bunge inamfunga msemaji wake.

Cardiff na Unguja

Mfano wa mbali unasaidia kuona hali yetu. Wales ni nchi ndogo ndani ya Uingereza, na mji wake mkuu tangu 1955 ni Cardiff. Septemba 1997 Wawelshi waliulizwa kwa kura kama wanataka bunge lao. Waliokubali walikuwa asilimia 50.3 tu. Cardiff yenyewe, mji ambao ungepewa bunge hilo, ilikataa. Kisha baraza la mji na serikali wakashindwa kupatana juu ya jumba la mji ambalo lingetumika, na bunge likawekwa kwenye ghuba, mahali pa bandari za zamani za makaa ya mawe. Jengo lake la sasa, Senedd, lilifunguliwa 2006. Kwa hiyo mji mkuu kutoliamini bunge la nchi yake si jambo la Katanga peke yake.

Tofauti iko kwenye lugha. Wanaosema Kiwelshi mjini Cardiff ni wachache, mtu mmoja hivi kati ya tisa. Hata hivyo bungeni Kiwelshi na Kiingereza zina haki sawa kwa sheria, kuna wakalimani, na sheria zinatungwa katika lugha zote mbili. Kule lugha ya wachache wa mji imefunguliwa mlango kwa sababu inaheshimiwa kuwa ya taifa. Kwetu lugha ya karibu mji mzima, ambayo ibara ya kwanza ya Katiba inaitaja kuwa ya taifa pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba, inangojea nje. Najua Wales ina fedha za kulipa wakalimani. Nimeleta mfano huu ili ionekane kwamba wingi wa wasemaji hauamui neno. Uamuzi wa bunge ndio unaoamua.

Karibu zaidi na sisi, Zanzibar ina Baraza la Wawakilishi tangu 1980, na mijadala yake ni ya Kiswahili. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 120, inaweka Kiswahili, Kiingereza na lugha ya alama kuwa lugha za bunge. Lakini tusidanganyike: Tanzania bara ilijadili sheria zake kwa Kiswahili kwa miaka mingi na kuziandika kwa Kiingereza, mpaka sheria ya 2021 ilipokifanya Kiswahili lugha ya sheria na mahakama. Kusema na kuandika ni milango miwili. (Neno baraza lenyewe limefanya safari ya kuchekesha. Unguja wanalo katika jina la bunge lao. Katika Kongo, kwa umbo la barza, limekuwa varanda ya nyumba, mahali ambapo jioni watu wanakaa na kulisema bunge.)

Kiswahili gani?

Katiba yetu ina ibara ambayo wanafunzi wa lugha wangepaswa kuijua kwa moyo. Ibara ya 142 inaiagiza Serikali isambaze kila sheria kwa Kifaransa na katika kila moja ya lugha nne za taifa, katika siku sitini tangu sheria ilipotangazwa rasmi. Ibara inasema sheria za nchi, haitaji sheria za majimbo. Hata hivyo, kama sheria inayomhusu mtu wa Lubumbashi, wa Bandundu na wa Kananga kwa pamoja inapaswa kumfikia kwa lugha yake, ni vigumu kuona kwa nini sheria inayohusu soko lake mwenyewe isimfikie.

Hapa wanaisimu tutaanza kugombana, na ni vyema. Tufasiri kwa Kiswahili gani? Jaribu sentensi moja. Kwa Kiswahili bora: «Wabunge wamepitisha sheria ya jimbo kuhusu ushuru wanaolipa akina mama sokoni.» Kwa Kiswahili cha Lubumbashi: «Badepite balipitisha sheria ya jimbo juu ya feza yenye bamama banalipaka mu soko.» Ya kwanza inasomeka kutoka hapa mpaka Mombasa. Ya pili inasikika, na anayehusika anaielewa mara moja bila kujiona mjinga. Aurélia Ferrari, Marcel Kalunga na Georges Mulumbwa walitoa mwaka 2014 kitabu cha sarufi, matini na msamiati wa Kiswahili hiki, kwa hiyo hatuwezi kusema tena kwamba hakina kanuni. Wapo watakaosema kukiandika katika karatasi ya bunge ni kukishusha cheo Kiswahili. Nawaelewa, shuleni tulifundishwa hivyo. Lakini mama wa soko aliyetolewa Kifaransa akapewa Kiswahili cha vitabu amesogezwa hatua moja tu. Ningependa muhtasari wa ukurasa mmoja kwa kila sheria ya jimbo, kwa Kiswahili bora chepesi kwenye karatasi, na kwa Kiswahili cha hapa kwenye redio, kikisomwa na mtu ambaye si mbunge.

Kazi hiyo isingejiri nje ya uwezo wetu. Chuo hiki ndicho chenye CELTA, kituo cha isimu kilichozaliwa mwanzo wa miaka ya 1970, kitivo cha lugha kilipohamishiwa Lubumbashi, na istilahi ni kazi ambayo kilianza nayo. Kazi za mwisho wa masomo tunazoandika kila mwaka zingeweza kuchukua sheria moja ya jimbo kila moja, neno kwa neno.

Nimejaribu mwenyewe na maneno ya fedha, nikakwama mahali ambapo pananifundisha mpaka leo. Ibara ya 175 inasema asilimia 40 ya mapato ya taifa ni ya majimbo, nayo «inashikwa kwenye chanzo»: jimbo linabakiza sehemu yake kabla ya kupeleka Kinshasa. Kinachofanyika ni «rétrocession»: Kinshasa inachukua yote, kisha inatoa kiasi. Sheria ya 2008 nayo inaipa miji, komini na vitongoji haki ya asilimia 40 ya sehemu ya jimbo, na hapo pia fedha hupita mikononi mwa jimbo kwanza. Kwa Kifaransa maneno hayo mawili hutumiwa kikaoni moja baada ya jingine kana kwamba ni ndugu. Kwa Kiswahili hayakubali. La kwanza ni kubakiza. La pili nilipolitafsiri feza ya kurudisha na kulisoma kwa sauti nyumbani, mama mkubwa, ambaye ameuza mboga miaka yote, aliuliza papo hapo: «Kama ni ya kurudisha, basi ilikuwa ya nani?»